Supu ya Kichwa, Mwaloni Bwisegi

Shikamoo yangu haikujibiwa. Niliitoa mara mbili, ya pili kwa sauti ya kumfikia hata kiziwi, na wanawake kumi na wanane wa banda la kuparia samaki wakaendelea na kazi kana kwamba kilichoshuka kwenye kivuko ni gunia la mkaa. Haya. Mimi nimezaliwa hapo hapo Bwisegi, nyumba ya nne kutoka ziwani, na kitovu changu kimezikwa nyuma ya jiko la mama yangu. Mtu akitaka kuninunia, aninunie, lakini asijifanye hanijui.

Niseme ukweli, nilikuwa nimekwenda kuwaumbua. Kwa miezi mitatu barua zao zilikuwa zinafika kwetu Taasisi, kwenye utafiti wa ziwa, zote zimeandikwa na mtu mmoja, Perusi Masatu, mkuu wa wapara samaki. Zilidai kwamba ruba wangu wanawalemaza watoto. Aliandika hivyo, “ruba wako”, na hapo hakukosea. Niliwatengeneza mimi, Dakta Nyangeta Bwire, kwa miaka kumi na moja ya kula chapati za kantini na kulala ofisini. Sikuwa tayari kuambiwa na mtu aliyeishia darasa la saba kwamba kazi yangu ni mbovu.

“Mama Perusi,” nikasema, “nimekuja na kipimo. Nipe samaki yeyote unayemshuku.”

Perusi ni mwembamba, miaka sitini na kitu, ana mikono iliyokakamaa kwa maji ya ziwa. Alielekeza kisu kwenye rundo la minofu iliyokuwa inasubiri ndege. Vile vindege visivyo na rubani vilikuwa vinatua juu ya paa la banda kila nusu saa, vinabeba minofu kwenda Mwanza, Dodoma, hata Kigali. Huko mijini watu walikuwa wanakula sato bila wasiwasi, jambo ambalo mama zao hawakulijua. Machimbo ya dhahabu yalishafungwa zamani, lakini zebaki yake ilibaki kwenye tope la ziwa, ikapanda kwa wadudu, ikaingia kwa samaki, na sato akapigwa marufuku miaka ishirini na sita. Waliolifungua ziwa ni ruba.

Nikachoma kipimo kwenye mnofu wa kwanza. Sifuri. Wa pili, sifuri. Nilipima tisa, na kila sifuri niliisoma kwa sauti, polepole, kama mwalimu anayemsomea mtoto mtukutu maksi zake. Nakiri nilikuwa nafurahia.

“Umemaliza?” Perusi akauliza.

“Nimemaliza. Samaki ni safi.”

Akainama kwenye ndoo ya mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa, akaokota kichwa cha sato, akanitupia. Kikanipiga kifuani, kikaangukia mezani. Hakuna aliyecheka.

“Pima na hicho,” akasema. “Huko kwenu mnakula minofu. Sisi tunabaki na vichwa.”

Nikapima ili nimnyamazishe. Kipimo kikatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia nje ya maabara. Kiwango cha juu anachoruhusiwa mtu kula ni moja. Kichwa kile kilisoma sitini na tatu. Nikakifuta kipimo kwa pindo la gauni langu, nikachoma tena, nyuma ya jicho. Sitini na tano.

*

Ruba ana vinywa viwili vya kung’ang’ania. Cha nyuma ni cha kushikia tu. Cha mbele ndicho chenye meno. Wa ziwani, wale tuliozaliwa tukiwakuta kwenye mashavu ya kambare, wananyonya damu na basi. Wa kwangu nilimwekea tumboni utomvu unaoikamata zebaki na kuifungia. Kila sato wa kizimbani, yule wa kufugwa kwenye nyavu ziwani, anavalishwa ruba kumi na wawili, na wote wanakimbilia kwenye mashavu na ndani ya mdomo, ambako ngozi ni laini. Damu ikipungukiwa zebaki, nyama nayo inaachia ya kwake, siku baada ya siku. Siku ya tisa ruba aliyeingia akiwa kijani anakuwa mweusi tii. Hapo ameshiba. Anabanduliwa, anatiwa kwenye chupa, chupa inarudi Taasisi. Wanawake wa Bwisegi waliwapa jina la wakwe, kwa sababu wanakula, wanaganda, na hairuhusiwi kuwasema vibaya.

Nilisimama na kile kichwa mkononi, nikawatazama wakibandua. Perusi alichukua sato aliyekuwa bado anahema, akamfunua shavu, akachota chumvi kwenye bakuli, akasugua. Ruba wakajikunja. Wakaachia mmoja baada ya mwingine, wakaanguka mezani.

Walianguka wakiwa kijani.

Ruba akitiwa chumvi hutapika. Mtoto yeyote aliyewahi kuoga kwenye matete anajua. Hutapika pale pale alipong’ata, kabla hajaachia, na hawa walikuwa wamebeba zebaki ya samaki mzima, ya siku tisa. Yote ilikuwa inarudishwa kichwani. Minofu inabaki safi, inapanda ndege, kichwa kinabaki kwenye ndoo. Sisi Taasisi tulikuwa tunapima minofu tu, kwa sababu ndiyo inayouzwa.

“Nani kawafundisha chumvi?” nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ya ukali kweli. “Nani mpumbavu aliyewafundisha chumvi?”

Perusi akamweka sato chini.

“Wewe.”

“Mimi?”

“Siku ya uzinduzi. Ulisimama hapo hapo ulipo. Ulikuja na waziri na kamera, ukavua saa, ukasema, mama zangu, kazi hii mnaijua. Ukachota chumvi kwenye bakuli langu. Tukakupigia vigelegele.”

Nilitaka kumwita mwongo, lakini ilikuwa kweli. Kule maabara ruba wanabanduliwa na mashine yenye vibanio vidogo inayoinua ukingo wa mdomo, na kwa miaka kumi na moja sikuwa nimembandua hata mmoja kwa mkono. Kwenye mwongozo niliandika, ukurasa wa arobaini, kwamba pasipo na mashine utumike ukucha, upitishwe taratibu chini ya mdomo wa mbele, kisha wa nyuma. Lakini siku ile kamera zilikuwa zinanitazama, mimi mtoto wa mwaloni niliyerudi na udaktari, na mkono wangu ulifanya kile ulichofanya tangu nina miaka mitano, nikiwa nimesimama kando ya mama yangu na kambare wake. Mkono ulikwenda kwenye chumvi. Nani tena angefungua ukurasa wa arobaini, ikiwa mwenye kuuandika kaonyesha kwa mkono wake?

Kisha nikakumbuka lingine. Bwisegi hatuuzi kichwa cha sato. Kichwa ni cha mwenye mimba kwanza, wengine baadaye. Tangu siku inapojulikana mpaka arobaini ya mtoto, analetewa supu ya kichwa, na hata jirani mliyegombana naye unampelekea, ukikosa utasemwa kisiwa kizima.

“Nyamisi,” nikasema. Nyamisi ni mdogo wangu, wa mwisho kwa mama yetu. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

“Nampelekea mwenyewe,” Perusi akasema. “Vichwa viwili kila siku. Anasema inamtia nguvu.”

*

Nilimpigia mkurugenzi wangu, Dakta Kaijage, nikiwa nyuma ya banda. Nikamweleza yote, pamoja na bakuli la chumvi. Alinisikiliza bila kunikatiza, ana adabu hiyo.

“Minofu ni safi?” akauliza.

“Ni safi.”

“Basi mradi haujashindwa.”

“Kichwa kinasoma sitini na tano, Dakta.”

“Nimekusikia. Watu wachache wanakula vichwa. Mialo thelathini na moja inasubiri ruba, Nyangeta. Watu milioni nne wanakula furu na dagaa wa magendo wenye zebaki kwa sababu hawana kingine. Ukiandika kwamba aliyefundisha vibaya ni mtengenezaji mwenyewe, bunge linafunga kila kitu wiki hii. Ukiandika kwamba wapara samaki walikiuka mwongozo, tunafunga banda moja, tunaleta mashine, na kazi inaendelea. Ripoti nimeshaanza kuitayarisha. Weka saini kabla ya kivuko cha saa kumi.”

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mjinga. Kaijage si mjinga. Hesabu yake niliipiga kichwani mara tatu na kila mara ilitoka vilevile.

“Na wajawazito?”

“Waache supu.”

“Na iliyokwisha kuingia mwilini?”

“Ruba hawajaidhinishwa kwa binadamu. Hilo hata usilifikirie. Ni kifungo.”

Sikuwa nimemuuliza habari ya ruba kwa binadamu. Ripoti ikaingia kwenye simu kabla sijaiteremsha sikioni. *Wapara samaki wa Bwisegi, kwa uzembe na kwa mazoea, walikiuka mwongozo, uk. 40.* Chini palikuwa na nafasi ya kidole changu.

Nilipogeuka, Perusi alikuwa amesimama kwenye kona ya banda, mikono kiunoni.

“Nimesikia,” akasema. “Weka tu. Sisi kusemwa tumezoea.”

“Mama Perusi, jambo hili ni kubwa kuliko…”

“Nina mjukuu wa miezi kumi. Shingo haijakaza. Ukimkalisha anaanguka kama nguo. Mama yake alikunywa supu yangu miezi yote, nikimsimamia amalize, nikimwambia kunywa mwanangu, ni samaki wa Nyangeta, hawa hawana sumu.” Hakulia. Afadhali angelia. “Sasa niambie lako kubwa.”

Nikaingia bandani, nikapanda juu ya kreti ili wote wanione, nikasema. Nilisema kwamba zebaki iko kwenye vichwa, kwamba imerudishwa huko na chumvi, kwamba chumvi niliwaonyesha mimi na nilikuwa najua ruba akitiwa chumvi hutapika, nimelijua tangu utoto, na sikufikiri. Nilisema polepole, bila maneno ya kitaalamu. Nilipomaliza, mwanamke mmoja akachukua ndoo ya maji ya mapanki, akaja mpaka kwenye kreti, akanimwagia. Magamba yaliniingia machoni. Hakuna aliyemkataza, na mimi sikujifuta.

Nikiwa nalowa vilevile niliifuta ripoti ya Kaijage, nikaandika yangu: *Chumvi niliifundisha mimi, Nyangeta Bwire.* Nikabonyeza kidole, nikaipeleka Taasisi, bungeni, na kwenye redio ya wilaya. Nilijua ni nini kinafuata. Vizimba vilifungwa vyote ziwa zima, na hao watu milioni nne wa Kaijage wapo kweli, wanakula zebaki mpaka leo, na wengine wao wana mimba. Nisisifiwe kwa siku ile.

“Mficha uchi hazai,” Perusi akasema. Kwa sauti yake haikuwa sifa. “Sasa nijibu. Hawa wakwe wananyonya zebaki ya samaki tu, au hata ya mtu?”

“Hairuhusiwi.”

“Sijauliza ruhusa.”

“Wanaweza,” nikasema. “Damu ni damu. Lakini hakuna aliyewahi kujaribu. Ruba akishtuka anatapika, na safari hii atatapikia ndani ya mtu.”

Akatia mkono kwenye tanki la ruba wabichi, akachomoa mmoja, akamweka kwenye kiwiko, upande wa ndani. Ruba akatafuta, akang’ata. Perusi akakunja uso, basi. Tulisimama tukitazama. Mwilini mwa sato ruba anachukua siku tisa. Pale kwa Perusi alianza kijani, akaingia ukijivu, akawa mweusi tii kabla maji ya ugali wa mchana hayajachemka jikoni. Nikambandua kwa ukucha. Nikamwinua juu wote wamwone. Sikuhitaji kueleza jinsi damu ya mla vichwa ilivyojaa zebaki kuliko ya sato.

“Mwiteni Nyamisi,” Perusi akasema.

*

Nyamisi alikuja mwenyewe kwa miguu, mkono mmoja mgongoni, ameshaambiwa njiani. Ananipita urefu, mdogo wangu. Nilimlea mimi mama alipofariki. Nilimsuka, nilimlipia shule, nilimchagulia hata shuka za harusi. Akaketi kwenye benchi la kuparia.

“Dada, ulijua?”

“Sikujua.”

“Ulipaswa kujua.”

“Ndiyo.”

Akakunja mkono wa gauni. “Niweke.”

Nikamwambia yote kwa ukweli. Kwamba tukiacha, iliyomo ndani yake itaendelea kumwendea mtoto miezi miwili mingine. Kwamba tukiweka, na ruba mmoja tu akashtuka, inarudi kwa mkupuo, na sijui mtoto ataipokeaje. Kwamba kuna dawa ya hospitali, lakini dawa hiyo kwa mwenye mimba nayo ni bahati nasibu. Kwamba nikifungwa, hakuna mwingine anayejua kuwasoma ruba hawa. Nilikuwa na vyeti vinne ukutani, na nikamuuliza yeye tuweke au tuache.

“Mimi unaniuliza?” Nyamisi akasema. “Nyinyi mmeshanilisha bila kuniuliza. Leo ndiyo mnanipa kuchagua.”

“Ni mwili wako, mdogo wangu.”

“Basi nimeshasema. Niweke.”

Tuliweka watatu kwa siku, saa nne asubuhi, akiwa ameshakula na ametulia, banda limefungwa milango. Kubandua alibandua Perusi. Ana ukucha wa dole gumba mgumu kwa miaka arobaini ya magamba, nami nilimwelekeza mara moja tu: mdomo wa mbele kwanza, usikimbilie. Siku ya kwanza wote watatu walikuwa weusi ndani ya nusu saa. Siku ya pili nusu saa na kidogo. Watu walianza kuleta matumaini yao pale mlangoni, nikawafukuza.

Siku ya nne Nyamisi akapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, ya moshi wa jikoni. Ruba wa katikati akajikunja. Tulimwona sote, mimi, Perusi na Nyamisi mwenyewe, akitoka weusi kwenda ukijivu, ukijivu kwenda kijani, haraka kuliko ninavyosimulia. Perusi akatamka jina la Mungu kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimeshika kipimo na sikukumbuka kazi yake. Nyamisi aliweka kiganja tumboni, akasubiri. Sijui alikuwa anasubiri nini, teke la mtoto labda. Alikaa hivyo muda mrefu, ananitazama mimi usoni, na katika maisha yangu sijawahi kutazamwa namna ile na mtu ninayempenda.

“Weka mwingine,” akasema.

Nikaweka. Siku ya saba walichukua saa mbili kuiva. Siku ya kumi na moja tuliweka watatu saa nne, na mpaka alasiri mmoja alikuwa kijivu na wawili wako kijani, wamelala wamenona kwa damu safi. Nikapima damu ya Nyamisi, nikapima tena, nikapima mara ya tatu. Moja kasoro. Nikamwambia Perusi awabandue.

Nyamisi akateremsha mkono wa gauni. Alama zilikuwa zimemjaa mpaka begani. Alisimama, akakataa mkono wangu, akamshika Perusi.

“Mtoto akizaliwa,” akaniambia, “usije kumwona mpaka nikuite.”

“Nyamisi.”

“Nimesema mpaka nikuite.”

Polisi walikuja na kivuko wiki ile ile, wakanichukua kwa kosa la kumweka mtu ruba. Walinirudisha kwa dhamana, kwa sharti nisitoke kisiwani, na kesi inatajwa kila mwezi kisha inaahirishwa. Kwa hiyo niko Bwisegi. Vizimba bado vimefungwa, ila kambare na kamongo wa kuvuliwa wanakuja mezani kila asubuhi na ruba wao wa asili, na Perusi alinipa nafasi ya mwisho kwenye meza, karibu na mlango. Ninabandua kwa ukucha. Shikamoo yangu siku hizi wengine wanaijibu.

Mtoto ana miezi minane. Kutoka mezani kwangu mpaka mlangoni kwa Nyamisi ni hatua mia mbili na kumi, na upepo ukitoka bara namsikia akilia na akicheka. Perusi, ambaye hunionea huruma siku akiwa amechoka, aliniambia kwamba mtoto anakaa, anashika kijiko, ana hasira za ukoo wetu. Mwaka mzima utapita kabla hatujajua kama ile chafya ilimwachia kitu. Jina lake alilipata siku ya saba, palipikwa, watu walikula, na bandani hulitaja wakidhani siko karibu kisha hunyamaza wakiniona. Ningeweza kutega sikio. Ningeweza kumuuliza Perusi, naye angeniambia. Sijamuuliza. Wa kuniambia ni Nyamisi, na bado hajaniita.